Korosho: Anayenunua bila kuijua kuvu ananunua gizani

Kila ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa katika mikoa ya kusini na Pwani, mfanyabiashara hutafuta habari mbili tu: bei ya juu ilikuwa shilingi ngapi, na ya chini shilingi ngapi. Akishazipata, huketi na kikokotoo chake, akajumlisha usafiri, magunia, ushuru na riba ya benki, kisha akaamua kununua au kusubiri. Hesabu hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba inaanzia ghalani, wakati mambo mengi yaliyoamua bei na wingi wa mzigo yalikwisha kutendeka shambani kati ya Juni na Septemba, juu ya ua dogo la mkorosho ambalo hakuna mnunuzi aliyekwenda kulitazama.

Hoja ya makala hii ni moja. Kazi ya kuchunguza magonjwa ya kuvu, yaani kujua ni kuvu gani hasa inaushambulia mti, inaishi wapi, inaenea kwa njia gani na inazuiwa na nini, ni habari ya soko sawa na bei ya dola au nauli ya meli. Wanaoweka fedha zao katika mazao hawana budi kuidai habari hiyo, kuisoma na, hapa ndipo wengi watakunja uso, kuichangia gharama.

Somo la miaka ya 1980

Tuanze na takwimu ambazo kila mwenye nia ya kuingia katika biashara ya korosho angepaswa kuzijua kwa moyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho ghafi. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 17,000. Katika muda wa miaka kumi na mitatu zao lilipoteza karibu sehemu tisa kati ya kumi za ujazo wake. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vilikosa malighafi. Kama lingekuwa kampuni, zao hilo lingekwisha kukabidhiwa mfilisi.

Wachumi wameeleza sababu zaidi ya moja, nao wana haki. Kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kuliwaweka wakulima wengi mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, hata wengine wakaona hakuna maana ya kupalilia. Lakini kulikuwa na sababu ya tatu iliyokuja kimya kimya: ubwiri unga. Ugonjwa huo hufunika maua na majani machanga kwa unga mweupe kama majivu, ua likanyauka kabla ya kushika korosho. Ulitambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na watafiti wameripoti kwamba mti usiotibiwa unaweza kupoteza asilimia 70 hadi 100 ya mavuno yake.

La kusikitisha ni kwamba kuvu hiyo haikuwa ngeni duniani. Mtaalamu aitwaye Noack alikwisha kuiandika mwaka 1898 huko Brazil, nchi ambako mkorosho ulitoka kabla Wareno hawajauleta kwenye pwani yetu. Jina lilikuwepo vitabuni kwa miaka 80. Ambacho hakikuwepo ni mtu wa kuzunguka mashambani Newala na Masasi kwa wakati, akalinganisha alichokiona na kilichoandikwa, akapiga kengele.

Kengele ilipopigwa hatimaye, matokeo yake yalionekana. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, pamoja na wenzao wa nje, walifuatilia maisha ya kuvu hiyo. Waligundua kwamba inaishi juu ya sehemu hai na changa za mti tu, inasafiri kwa upepo, na inashamiri katika majira ya kiangazi ambapo usiku ni wa baridi na asubuhi ina umande, yaani wakati ule ule mkorosho unapotoa maua. Kutokana na maarifa hayo ikapatikana ratiba ya kupuliza salfa ya unga: anza maua yanapochomoza, rudia kila baada ya wiki mbili hivi, usingoje unga mweupe utapakae shamba zima. Salfa yenyewe ni dawa ya kale ya wakulima wa zabibu wa Ulaya. Kipya kilikuwa kujua siku ya kuipuliza.

Kuanzia hapo mavuno yalipanda, yakisaidiwa pia na soko huria la miaka ya 1990 na miche bora. Msimu wa 2017/18 yalifika tani 313,000 na zaidi, na msimu wa 2024/25 yalivuka tani 400,000. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilitoa bei zilizozidi Sh 4,000 kwa kilo. Mfanyabiashara anayefurahia ujazo huo leo anakula matunda ya hadubini ambayo wengi hawajui kama ilikuwepo.

Kuvu tatu, hesabu tatu

Tatizo ni kwamba mafanikio ya salfa yametufundisha kosa. Wengi sasa wanaamini kwamba ugonjwa wa mkorosho ni mmoja na dawa yake ni moja. Mkulima akiona jani limebadilika rangi, salfa. Korosho ikiwa na madoa, salfa. Mti ukikauka, salfa. Katika lugha ya mhasibu, huko ni kuandika kila matumizi katika ukurasa mmoja wa daftari, kisha kushangaa mwisho wa mwaka kwa nini mizania haisawazishwi.

Ukweli ni kwamba mkorosho wa Tanzania una maadui kadhaa wa aina ya kuvu, na kila mmoja humpiga mwekezaji mahali tofauti. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni huo ubwiri unga. Huu hupiga mapato. Ukishinda msimu huu, mti wenyewe unabaki hai na mwakani unaweza kuzaa tena. Ni hasara ya mwaka mmoja katika hesabu ya mapato na matumizi, na inazuilika kwa salfa au kwa viuatilifu vya maji vikitumika kwa ratiba.

Wa pili ni blaiti ya majani na korosho. Mwaka 2006 watafiti, akiwamo Dk. Sijaona aliyekuwa Naliendele, walitangaza katika jarida la kimataifa kwamba huu ni ugonjwa mpya wa mkorosho Tanzania, unaosababishwa na kuvu za jamii ya Cryptosporiopsis. Hushambulia majani machanga na korosho changa, zikabaki na madoa, zikasinyaa. Huu hupiga ubora. Mnunuzi wa Vietnam au India hanunui ganda. Ananunua kiini, ambacho soko la dunia hukihesabu kwa ratili katika kila gunia la kilo 80. Mzigo unaotoa ratili 46 badala ya 50 umepungukiwa kiini kwa asilimia 8, hata kama mizani ya ghala imeonyesha uzito ule ule. Na salfa ya unga haiuzuii ugonjwa huu. Mkulima anayepulizia salfa kwenye blaiti amelipa gharama mara mbili: amepoteza korosho, na amepoteza fedha ya dawa. Isitoshe, utafiti uliofanyika kusini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba salfa inayodondoka chini mwaka hadi mwaka huongeza uchachu wa udongo. Dawa isiyotakiwa si ya bure hata ikigawiwa kwa ruzuku.

Wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi: mnyauko fuzari. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Watafiti Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Shamte Shomari wa Naliendele waliuandikia mwaka 2016 kuwa ni tishio jipya kwa zao hili, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukathibitisha kwamba msababishi ni kuvu iitwayo Fusarium oxysporum. Kuvu hii haiji na upepo juu ya ua. Inaishi ardhini, inaingia kwa mizizi, inaziba mishipa inayopandisha maji, majani yanageuka manjano kisha kahawia, na mti unakufa wima. Mbegu zake ngumu hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mzizi mwingine.

Huu haupigi mapato. Unapiga mtaji.

Tuchukue mfano wa kalamu na karatasi. Mwajiriwa wa Dar es Salaam amenunua ekari 10 za mikorosho Mkuranga kwa ajili ya uzeeni. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ana miti ipatayo 28 kwa ekari, jumla 280. Tuseme kila mti unampa kilo 10, na bei anayobaki nayo baada ya makato ni Sh 3,000 kwa kilo. Mapato yake ni Sh 8,400,000 kwa mwaka. Ubwiri unga ukimpunguzia theluthi moja ya mavuno, amepoteza Sh 2,800,000, lakini miti 280 ipo. Mnyauko ukimuulia mti mmoja katika kila kumi, mwaka wa kwanza amepoteza Sh 840,000 tu. Atajipongeza kwamba ni kidogo. Lakini hiyo Sh 840,000 itapotea tena mwakani, na mwaka unaofuata, kwa sababu mche wa kubebesha huchukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa na mingi zaidi kufikia kilo 10. Kwa miaka mitano hasara inakaribia Sh 4,200,000, bila kuhesabu kung'oa, kuchoma na kununua miche. Tena hapo tumedhani kwamba miti iliyokufa haitaongezeka, na kwamba mche mpya utapona katika udongo ule ule uliomuua mama yake.

Ndiyo maana jina la kuvu si jambo la kisomi. Anayedhani mti wake una ubwiri unga kumbe una mnyauko atanunua salfa, atampa kibarua jembe lile lile alilolitumia kwenye mti mgonjwa akalimie mzima, na atakuwa ameusambaza ugonjwa kwa fedha yake mwenyewe.

Maabara hufanya nini?

Wasomaji wa kurasa hizi wana haki ya kuuliza fedha ya uchunguzi inanunua nini. Wengi hudhani mtaalamu hutazama jani, akataja jina, akaondoka. Kumbe kazi yenyewe inafanana sana na ukaguzi wa hesabu.

Mchunguzi huchukua kipande cha mti kutoka mpakani, pale sehemu iliyooza inapokutana na sehemu nzima. Hukisafisha nje ili kuua vimelea vya kupita njia, hukiweka katika sahani ya chakula maalumu, na kusubiri kuvu iote. Huitazama kwa hadubini, akachora umbo la mbegu zake. Lakini hapo hajamaliza, kwa sababu kuvu nyingi hukaa katika mti mgonjwa kama wapangaji tu bila kuwa chanzo cha ugonjwa. Basi huipandikiza katika mche mzima na kungoja. Mche ukiugua kwa dalili zile zile, hutoa tena kuvu kutoka mche huo na kuhakikisha ni ile ile ya kwanza. Utaratibu huu ulijengwa katika karne ya 19 na Mjerumani Robert Koch kwa magonjwa ya binadamu na wanyama. Mkaguzi wa hesabu hufanya vivyo hivyo: hutoka kwenye hati kwenda kwenye daftari, kisha akarudi kutoka kwenye daftari hadi kwenye hati. Pasipo kurudi, hana uthibitisho.

Siku hizi kuna msaada wa vinasaba. Mwaka 2012 wataalamu wa kimataifa walipendekeza kipande kimoja cha vinasaba, kiitwacho ITS, kiwe alama ya kutambulisha kuvu, mfano wa mistari myeusi iliyochapwa kwenye sabuni dukani. Alama hiyo husaidia, ingawa haitoshi kila mahali. Kwa jamii ya Fusarium, kwa mfano, inabidi kusoma vipande vingine zaidi, maana ndugu hao wanafanana mno. Na kuvu ya ubwiri unga haikubali kabisa kuota kwenye sahani. Ni lazima ilelewe juu ya jani hai.

Faida ya kazi hiyo ya polepole ni kwamba hufichua mambo ambayo jicho haliyaoni. Miaka ya karibuni watafiti wa Brazil wameonyesha kwamba kile walichokiita ugonjwa mmoja wa ubwiri unga wa mkorosho kwao ni kazi ya kuvu mbili: Erysiphe quercicola inayopenda maua na majani machanga, na Erysiphe necator, ile ile ya mizabibu, inayokaa kwenye majani yaliyokomaa. Moja inakula mavuno, nyingine haina madhara makubwa kiasi hicho. Mtu anayepulizia dawa kwa sababu ameona unga kwenye majani makuukuu huenda anapigana na adui asiye wake.

Na majirani zetu wana somo chungu zaidi. Mnyauko wa Robusta uliingia Bundibugyo, Uganda, ukaripotiwa mwaka 1993, na katika miaka michache ukaua karibu nusu ya mibuni ya Robusta ya nchi hiyo. Kagera nako ulivuka. Kuvu yake, Fusarium xylarioides, ilikuwa imekwisha kusumbua Afrika ya Kati tangu miaka ya 1920. Uganda ilibidi itafute mibuni iliyobaki hai kati ya maiti, ikazalisha kutokana nayo aina zinazostahimili, zile zinazojulikana kwa herufi KR. Kwa upande wetu, TaCRI ya Lyamungu ilianza mwaka 2005 kutoa aina za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Aina hizo zisingepatikana kama mtafiti asingejua kwanza ni kuvu ipi ya kuzijaribia.

Soko halingoji

Kuna wanaosema: haya ni mambo ya mkulima, mimi ni mnunuzi, Mtwara wakikosa nitanunua mahindi Dodoma. Kwao nina habari mbaya. Kuvu ipo hata kwenye mahindi, na huko huua watu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ya Dodoma na Manyara iliwaugusha watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Kuvu inayohusika, Aspergillus flavus, huanza kuingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa likipatwa na ukame na wadudu, kisha hukamilisha kazi ghalani penye unyevu.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hizo. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe ameandikishwa, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tazama vizuri kilichotokea. Bei haikubadilika kwanza, wala mavuno hayakupungua. Ilitoka barua moja, na mtaji wa watu ukasimama barabarani ukila gharama za kila siku. Aliyekuwa na cheti cha maabara inayoaminika alikuwa na bidhaa. Asiye nacho alikuwa na mzigo tu.

Korosho haijafikia hapo, lakini mwelekeo wa biashara ya dunia ni huo. Mnunuzi wa nje hupima kiini, hupima mabaki ya dawa, hupima unyevu. Yeye anajua anachonunua. Anayebaki gizani ni mfanyabiashara mdogo wa hapa.

Nani alipe?

Sasa tufike kwenye fedha. Kwa miaka kadhaa ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, ambao ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa, uligawanywa. Asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao, pamoja na pembejeo na utafiti. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, baada ya mjadala mkali bungeni. Msimu wa 2018/19 mavuno yalishuka hadi takriban tani 225,000. Siwezi kusema kwamba mabadiliko hayo peke yake ndiyo yaliyoshusha mavuno. Hali ya hewa na vurugu za soko la msimu huo, ambapo Serikali ilinunua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, vilikuwemo. Lakini funzo la jumla ni wazi: utafiti unaotegemea fungu moja linaloweza kuhamishwa kwa kifungu kimoja cha sheria hauna bima.

Miaka ya karibuni Serikali imegawa salfa na viuatilifu vya maji kwa ruzuku, na ni jambo jema. Hata hivyo ruzuku ya dawa bila uchunguzi ni sawa na duka la dawa lisilo na daktari. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, wanunuzi na vyama vya ushirika wakubaliane kuchangia Sh 2 kwa kila kilo inayopita mnadani, moja kutoka kwa kila upande, iende moja kwa moja kwenye ufuatiliaji wa magonjwa. Kwa tani 400,000 hiyo ni Sh milioni 800 kwa msimu. Kwa korosho ya Sh 4,000 ni senti 5 kwa kila shilingi 100. Hakuna mfanyabiashara atakayefilisika kwa senti 5, lakini kwa fedha hiyo vijana wenye elimu ya kilimo wanaweza kuzunguka kila wilaya na pikipiki, wakachukua sampuli na kuzifikisha Naliendele.

Pili, taarifa ya magonjwa itolewe kila wiki mbili kuanzia Juni hadi Oktoba, na ibandikwe pale pale bei inapobandikwa. Iseme kwa lugha rahisi: kata fulani, ubwiri unga umeanza, wilaya fulani, miti yenye dalili za mnyauko imeongezeka. Mnunuzi atakadiria ujazo mapema, benki itajua wapi mkopo una hatari, na mkulima atajua siku ya kupuliza.

Tatu, miche ya korosho isiuzwe bila cheti cha kitalu kilichokaguliwa. Mnyauko husafiri na udongo, na mfuko wa mche ni kilo kadhaa za udongo zenye tiketi ya kwenda mkoa mwingine. Zao hili limepelekwa hadi Singida na Dodoma. Tusiwapelekee wenzetu mkorosho pamoja na ugonjwa wake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina sheria ya mwaka 2020 ya kusimamia afya ya mimea. Itumike hata kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Nne, mfuko huo utoe hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, zisomwe hadharani. Mfanyabiashara hakatai kulipa. Anakataa kulipa bila kuona.

Majibu kwa wapinzani

Najua yatakayosemwa. La kwanza: makato kwenye korosho tayari ni mengi. Ni kweli, na kama yapo yasiyo na kazi yafutwe kwanza. Lakini upunguzaji wa makato ukianza na kile kinachomlinda mti, tutakuwa tumekata tawi tulilolikalia.

La pili: utafiti huchukua miaka, fedha ya biashara huzunguka kwa miezi. Ni kweli pia kwa upande wa kuzalisha aina mpya za mikorosho. Si kweli kwa upande wa kutambua ugonjwa. Kuiotesha kuvu kwenye sahani na kuitazama ni kazi ya siku na wiki. Taarifa ya Julai inaweza kumfaa mnunuzi wa Oktoba wa mwaka ule ule.

La tatu ndilo zito: kutangaza ugonjwa kutashusha bei, na kijiji kilichotajwa kitakimbiwa. Hoja hii isipuuzwe, kwa sababu anayeumia ni mkulima ambaye hakuomba ugonjwa. Ndiyo maana taarifa iende pamoja na hatua: mahali palipotajwa mnyauko papelekewe wataalamu na miche mbadala wiki hiyo hiyo. Aidha tukumbuke kwamba soko huogopa zaidi lisichokijua. Mnunuzi mwenye shaka hukata bei ya mkoa mzima. Mwenye taarifa hukata pale tu penye sababu. Kuficha kunawaadhibu hata wenye miti mizima.

Kwa mwekezaji mdogo

Wakati tukisubiri hayo, mtu mwenye akiba yake asikae mikono mifukoni. Kabla ya kununua shamba la mikorosho, aulize maswali matatu na asikubali kujibiwa na dalali peke yake. Je, kuna miti iliyokauka wima katika miaka mitatu iliyopita, na ilikuwa mingapi? Je, kuna mtaalamu aliyechukua sampuli, na alisema ni nini? Je, mashamba ya jirani yakoje, maana maji ya mvua hayasomi mipaka ya hati? Akiona miti yenye majani ya manjano upande mmoja, apeleke sampuli Naliendele kabla hajapeleka fedha kwa muuzaji. Na akishanunua, majembe, mapanga na mashine zitumikazo kwenye mti mgonjwa zisafishwe kabla ya kugusa mzima.

Kwa mfanyabiashara wa mzigo, ushauri wangu ni mfupi. Tengeneza urafiki na bwana shamba mmoja katika kila wilaya unayonunua. Mpigie Juni, mpigie tena Agosti. Muulize maua yakoje na ni ugonjwa gani unaosumbua, na akisema ni fangasi tu, muulize ni fangasi gani. Asipojua, uliza kwa nini sampuli haijaenda maabara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa miaka ya 1980 hatukuuziba mapema, na ukuta tuliojenga baadaye ulitugharimu zaidi ya miaka ishirini kurudi kwenye tani 145,000. Ufa wa Magawa ulionekana mwaka 2012. Una jina, una maelezo yaliyochapishwa, na wapo Watanzania waliouchunguza hadi wakaujua. Safari hii hatuna kisingizio kwamba hatukuambiwa. Kilichobaki ni wenye fedha katika zao hili kukaa meza moja na wenye hadubini kabla minada ya msimu ujao haijafunguliwa.